Ndoana Ikinasa Chini: Mazungumzo na Vikundi vya Wavuvi

Leo nasema na nyinyi mnaovua mbuta kwa mshipi hapa Ziwa Victoria.

Ndoana ikinasa kwenye mwamba, wengi husimama wakavuta kwa nguvu. Hapana! Hivyo ncha inazidi kuingia. Legeza mshipi kwanza, utikise kidogo. Ikikataa, piga kasia pole pole upite pale iliponasa, ndipo uvute kutoka upande wa pili, maana ndoana hutoka kwa njia iliyoingilia.

Bado? Chukua pete nzito ya chuma, ifunge kamba yake, upitishe mshipi ndani yake. Mashua ikiwa juu kabisa ya ndoana, teremsha pete. Uzito wake huisukuma irudi nyuma.

Mshipi usiuzungushe mkononi, utakukata vidole, zungushia kijiti. Kaeni chini, na msiegemee wote upande mmoja. Geuza uso, kwa sababu ndoana ikiachia huruka. Wala usiufunge mshipi kwenye mashua wakati wa mawimbi, ubavu utavutwa chini maji yaingie.

Na viongozi mnisikie. Viko vikundi vinavyomlipisha mwanachama kila ndoana anayopoteza. Ndiyo sababu kijana anang'ang'ana na mwamba huku upepo umeshaanza. Ndoana ni bei gani, jamani? Tengeni pesa kidogo kila wiki za kununua nyingine, na muwaambie vijana wazi kwamba upepo ukivuma wakate mshipi warudi. Kila mashua iwe na kisu.