Kunguru na Mtaa Wake
Maneno ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Posta na Kariakoo



Mpiga picha hodari wa Serengeti humwonesha nyumbu pamoja na nyasi na mawingu, kwa kuwa nyumbu hufuata mvua. Uso wake peke yake hauelezi kwa nini anahama.

Nasi hapa mjini tunaye kiumbe asiyefugwa na mtu: kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu. Asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, kisha akaenea bara. Hula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili, na hushibishwa na taka zetu.

Wapo miongoni mwenu wanaompiga picha kwa simu ili kutoa malalamiko. Ni jambo jema. Hata hivyo, picha iliyojaa kunguru mtupu haioneshi gari la taka liende wapi. Rudini nyuma hatua kumi. Aonekane kunguru, na pipa lisilo na mfuniko, na matumbo ya samaki yaliyomwagwa, na mti wenye kiota, na kibao cha jina la mtaa. Pigeni asubuhi, kisha jioni, pale pale. Mpelekeeni mtendaji wa mtaa wenu.

Picha ya namna hiyo hutaja chanzo. Tukiua kunguru mia na kuliacha jalala wazi, watakuja wengine. Halmashauri ina wajibu wa kuzoa. Sisi sote tuna wajibu wa kufunika.