Ugonjwa wa Mashine Hutafutwa kwa Mikono

(Mazungumzo na mafundi wa matengenezo na vijana wa Ukunda, Diani na Msambweni)

Ndugu zetu mafundi, mama zetu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele. Leo hatukuja kuhubiri. Tumekuja kuzungumza juu ya kazi.

Tuanze na kisa. Kijana mmoja alikuja ofisini kwetu, amefukuzwa kazi. Alikuwa fundi katika hoteli moja ya pwani yetu, hatutaitaja jina. Usiku pampu ya maji ilisimama, matangi yakakauka, wageni wakalalamika. Asubuhi akafungua sanduku la umeme, akakuta kile kidhibiti chenye vitaa vidogo ambacho mafundi hukiita PLC. Hakuna aliyewahi kumfundisha habari zake. Akadhani kimekufa, akaking'oa. Kikanunuliwa kipya kwa bei kubwa, kumbe hicho kipya hakina programu ndani yake! Pampu ikalala siku nyingine kadhaa. Mwishowe fundi aliyeitwa kutoka Mombasa akagundua kuwa shida ni waya wa boya la tangi, umeliwa na chumvi. Waya tu, jamani.

Sasa tujiulize: kosa ni la nani? Sisi tunasema si la kijana peke yake. Alipewa ufunguo wa sanduku, hakupewa elimu ya sanduku.

Tuliwahi kufanya hivi

Wazee hapa wanakumbuka. Tangu miaka ya 1980, Kwale ilikuwa na mradi mkubwa wa pampu za mkono. Serikali, UNDP, Benki ya Dunia na shirika la Sida la Sweden walishirikiana, na KWAHO wakahamasisha wananchi vijijini. Pampu ya Afridev, iliyoanzia Malawi, ilijaribiwa na kurekebishwa hapa kwetu. Ilikusudiwa mwanakijiji aweze kuifungua mwenyewe kwa spana moja, asingoje lori la serikali.

Nao mama zetu walifundishwa namna gani? Hawakukalishwa mbele ya ubao tu. Walishika spana, wakafungua, wakavuta vyuma, wakabadilisha mpira uliolika, wakarudisha, wakapiga maji. Kamati zikafungua akaunti benki kwa ajili ya vipuri. Kama mama ambaye hakwenda shule aliweza pampu, wewe kijana wa kidato cha nne utashindwaje na kidhibiti?

Kidhibiti si uchawi

Kilianza Marekani. Mwaka 1968 kiwanda cha magari cha General Motors kilichoshwa na makabati yaliyojaa rilei, kwa sababu kila gari lilipobadilishwa muundo ilibidi nyaya zifungwe upya. Dick Morley na wenzake wakatengeneza Modicon 084. Programu yake ilichorwa mfano wa ngazi, ili fundi wa umeme aliyezoea michoro ya rilei aisome bila taabu. Mnaona? Tangu mwanzo kiliundwa kwa ajili ya fundi.

Kazi yake ni tatu: hupokea habari kutoka kwa boya, swichi na sensa, hupima habari hizo kwa programu yake, kisha hutoa amri kwa kontakta, vali na taa. Mara nyingi ugonjwa uko nje ya kidhibiti. Hapa Diani, upepo wa bahari na chumvi yake hula viungo vya nyaya kila siku.

Basi fuateni hatua hizi:

1. Usalama kwanza. Kabla ya kugusa waya zima umeme, funga kwa kufuli, ufunguo utie mfukoni, kisha pima kuhakikisha. Vipimo vya umeme ukiwaka ni vya aliyeidhinishwa tu.

2. Muulize mwendesha mashine: ilikuwaje, tangu lini, nani aligusa? Kuuliza si ujinga.

3. Tazama taa. Umeme unaingia? Taa ya kazi inawaka? Taa ya hitilafu je?

4. Linganisha taa za kupokea na hali halisi. Ikiwa mchoro unasema boya likishuka taa iwake, na haiwaki, tafuta kwenye boya, waya na umeme wa sensa.

5. Ikiwa habari zimeingia sawa lakini taa ya kutoa haiwaki, kuna sharti halijatimia. Huenda swichi ya dharura imebonyezwa. Ikiwa taa ya kutoa inawaka na mota iko kimya, angalia fyuzi, kontakta na nyaya zake.

6. Usibadilishe kidhibiti kabla ya kuhakikisha nakala ya programu ipo.

7. Andika yote katika daftari la mashine.

Tufundishane vipi?

Chukueni ubao, mfunge kidhibiti kidogo cha volti 24, vibonyezo viwili, boya na taa. Mmoja alegeze waya au atoe fyuzi kwa siri, mwenzake atafute na aeleze alivyofikiri. Kisha wabadilishane. Kila mkono uguse, na wa kina dada pia! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nanyi waajiri, siku moja ya mafunzo ni nafuu kuliko kidhibiti kipya.

Ndugu zetu, jambo hili ni la unga wa watoto. Mgodi wa titani hapa Kwale ulianza kuzalisha mwaka 2013, ukakoma kuchimba mwishoni mwa 2024. Mgodi huondoka, lakini ujuzi ulio mkononi hubaki kwa mwenyewe. Jipangeni pia mkapimwe na NITA, mpate cheti cha ufundi, kwani mwajiri mgeni hakujui.

Yule kijana? Bado anatafuta kazi. Lakini siku hizi, akikuta pampu imesimama, huuliza kwanza habari za boya.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Hapo ufanyapo kazi, mchoro wa umeme na nakala ya programu viko wapi?

2. Mashine iliposimama mara ya mwisho, nani alilaumiwa? Chanzo kilikuwa nini?

3. Nani miongoni mwetu ana ujuzi, na atatufundisha lini?