Mnyama akilala chini ya mzigo wake

Somo: Kutoka 23, 4-5. Someni pia: Hesabu 22, 21-35, Wagalatia 6, 2-5, Mathayo 11, 28-30.





Somo letu la leo ni fupi sana. Ni mistari miwili tu ya kitabu cha Kutoka, na wengi tunaipita bila kusimama. Mungu anawapa Waisraeli amri juu ya mnyama wa adui. Ng'ombe wa adui yako akipotea, umrudishe kwake. Na ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo, usipite. Simama, umsaidie mwenye punda kumwinua.

Ili neno hili lituingie vizuri, leo nitawapeleka mbali kidogo, Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes katika nchi ya Peru. Huko kuna mnyama ambaye akilemewa anafanya kama yule punda wa somo letu: analala chini. Anaitwa lama.

Lama ni wa jamaa ya ngamia, lakini hana nundu. Shingo yake ni ndefu, masikio yamesimama, manyoya mengi yamemfunika mwili. Watu wa milima ile walianza kumfuga miaka elfu kadhaa kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu. Kabla ya Wahispania kuingia Peru mwaka 1532, hapakuwa na farasi kule, wala punda, wala ng'ombe. Mzigo ulikwenda juu ya mgongo wa lama au juu ya mgongo wa mtu. Lama ana ndugu yake mdogo, anayeitwa alpaka. Huyo hafugwi kwa ajili ya kubeba, bali kwa ajili ya sufu yake laini. Lama anawabebea watu, alpaka anawavika.

Siku hizi wageni wa nchi nyingi wanakwenda kutembea milimani pamoja na wanyama hao, wakiongozwa na wenyeji. Safari moja inayojulikana inaanzia kijiji cha Olleros, karibu na mji wa Huaraz, na inaishia Chavín de Huántar, penye hekalu la mawe la watu waliokaa huko karibu miaka 3,000 iliyopita. Ni mwendo wa siku tatu hivi, na njia inapanda mpaka karibu mita 4,700. Ninyi wa Goma mnauona mlima Nyiragongo kila siku. Kilele chake kina mita 3,470. Basi njia ile inapita zaidi ya kilometa moja juu kuliko kilele cha Nyiragongo. Mgeni anahema, kichwa kinamuuma, miguu inakuwa mizito. Lama anatembea taratibu mbele yake, kama mtu aendaye kwa jirani.

Katika safari za namna hii mgeni haendi kutazama milima tu. Anajifunza maisha ya watu wanaosema Kikechua, lugha ya mababu zao. Wanamweleza jinsi viazi vinavyoachwa nje usiku vigande kwa baridi, kisha vinakanyagwa kwa miguu na kukaushwa juani, hata viweze kukaa miaka bila kuoza. Anaona mama akisokota sufu kwa mkono huku anatembea. Anaambiwa kwamba rangi nyekundu ya blanketi inatoka kwa vidudu vidogo vinavyoishi juu ya mpungate, ule mmea wa miiba. Na anafundishwa neno moja la Kikechua, ayni, maana yake: leo nakusaidia kwako, kesho unanisaidia kwangu. Sisi wenye likelemba na vikundi vya kulima pamoja hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Lakini fundisho kubwa linatolewa asubuhi, wakati wa kufunga mizigo. Lama anabeba kilo 25 au 30 hivi. Mwenyeji anaufunga mzigo kwa kamba ya sufu, upande huu na upande ule ulingane. Ukimzidishia, lama hakimbii wala hafanyi fujo. Anapiga magoti, anakunja miguu, analala. Ukimvuta, hasimami. Ukimpiga, anaweza kukutemea mate usoni. Mchungaji anayemjua mnyama wake hatafuti fimbo. Anafungua kamba na kupunguza. Na zamani, misafara mikubwa ilikwenda na lama wengine wasiobeba kitu, wakifuata nyuma tu, ili mmoja akichoka, mwingine aupokee mzigo wake.

Hapo tumkumbuke Balaamu katika kitabu cha Hesabu. Punda wake alilala chini njiani, naye akampiga mara tatu. Alifikiri ubaya uko kwa punda, kumbe punda alikuwa amemwona malaika ambaye bwana wake hakumwona. Wapendwa, anayelala chini ya mzigo mara nyingi ameona kitu ambacho sisi tulio juu yake hatujakiona.

Sasa sikieni upande wa pili wa habari hii. Katika nchi ile ile ya Peru kuna njia nyingine ya mawe, njia ya zamani ya Wainka, inayokwenda mpaka mji wa kale wa Machu Picchu. Wageni wengi sana wanapita pale kwa miguu. Katika njia hiyo wanyama wa mizigo hawaruhusiwi. Mahema, sufuria, chakula, mitungi ya gesi, vyote vinabebwa na watu. Miaka ya nyuma wapo wabebaji waliopandisha kilo 40 na zaidi. Hatimaye, mwaka 2001, serikali ya Peru ilitunga sheria: mbebaji mmoja asipewe zaidi ya kilo 20. Ikawekwa mizani mwanzoni mwa njia, mizigo ipimwe kabla watu hawajaanza kupanda.

Mnasikia, ndugu zangu? Lama hakuhitaji sheria. Mtu alihitaji. Kwa nini? Kwa sababu lama akilemewa analala, na mwenyewe analazimika kufungua kamba. Lakini baba ambaye watoto wake wanangoja unga nyumbani hawezi kulala njiani. Ukimwongezea kilo tano, atanyamaza. Ukimwongezea kumi, atasema asante. Njaa imemnyang'anya hata ile haki ambayo mnyama anayo, haki ya kusema: umezidisha.

Na hapa kwetu? Tuwatazame mama zetu wanaopanda kutoka kando ya ziwa kwenda soko la Kadutu, au wanaoingia Butembo asubuhi kutoka vijijini. Mama ameinama mpaka uso unatazama miguu yake. Kamba imepita kwenye paji la uso, mgongoni kuna mfuko mzima wa makala au wa mihogo, na pengine mtoto kifuani. Sisi tunamwita, tunakubaliana bei, kisha tukifika mlangoni tunapunguza franka tulizoahidi. Au tunamwambia: "Mama, ongeza na hiki kidogo, si unapita huko huko?" Yeye anaongeza. Halali chini. Tunafikiri kwamba kwa kuwa hajalala, mzigo haujazidi.

Huyo anaonekana. Wapo wengine ambao mzigo wao hauna mfuko. Yuko kijana wa kwanza katika familia aliyepata kazi. Ada ya shule ya wadogo wote imetundikwa shingoni mwake, na matanga yote, na wagonjwa wote. Yuko binti wa miaka kumi na miwili anayelea wadogo zake wanne, nasi tunamsifu tu kwamba ana akili. Yuko mjane ambaye shirika linamwandika kila mwezi kwenye orodha ya michango bila kumwuliza amekula nini. Hao wakianza kukasirika, wakianza kunyamaza, wakikosa kuja kwenye sala, tunasema wamekuwa wavivu au wamepoa katika imani. Labda wamelala chini ya mzigo. Tusichukue fimbo ya Balaamu.

Mtu ataniuliza: "Padri, mbona Mtume Paulo katika barua kwa Wagalatia anasema tubebeane mizigo, kisha mistari michache mbele anasema kila mtu ataubeba mzigo wake mwenyewe? Tushike lipi?" Swali ni zuri. Katika Kigiriki Paulo ametumia maneno mawili. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu. La pili ni mzigo ambao kila msafiri ni wake kuubeba. Tazameni wale lama njiani. Kila mmoja ana mzigo wake wa kadiri, na hakuna aendaye mikono mitupu kwa uvivu. Lakini mmoja akilemewa, uzito uliozidi unagawanywa kwa wengine. Maneno mawili ya Paulo hayapigani. Kanisa linayahitaji yote mawili. Mwenye nguvu asijifanye mgonjwa, na aliyelemewa asiambiwe ajitegemee.

Turudi kwenye somo letu, kwa maana bado kuna neno gumu zaidi. Mungu hakusema punda wa rafiki yako. Amesema punda wa mtu anayekuchukia. Na hakusema umwinue peke yako. Amesema pamoja naye. Aliyewahi kufunga mzigo juu ya mnyama anajua: mzigo una pande mbili. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, wanainua kwa wakati mmoja. Mmoja akivuta peke yake, mzigo unapinduka. Kwa hiyo maadui wawili watatazamana uso kwa uso juu ya mgongo wa mnyama, watahesabu pamoja moja, mbili, tatu. Sisi tunaoishi katika nchi ambamo watu wameuana, wamekimbiana, wamenyang'anyana mashamba, tunajua jambo hilo ni zito. Mungu hakuanza kwa kuwaambia wale wawili wakumbatiane. Ameanza na punda. Kuna daraja limevunjika na watu wa pande zote mbili wanalihitaji. Kuna chemchemi iliyochafuka. Kuna mtoto yatima ambaye hajui nani alianza vita. Anzeni hapo. Punda hana kabila.

Watu wa Peru wana mtakatifu wao ambaye hata sisi tunamheshimu, Martini wa Porres wa mji wa Lima, mwana wa mama mwenye asili ya Afrika. Aliishi kati ya 1579 na 1639, akafagia nyumba ya watawa, akauguza wagonjwa, akawahurumia hata mbwa na panya. Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Yeye hakuuliza mgonjwa ni wa nani. Aliona amelala, akainama.

Na juu ya watakatifu wote yuko Bwana mwenyewe, anayewaita waliochoka na kulemewa waje kwake. Hakusema atawaondolea kila mzigo. Ameahidi nira laini na mzigo mwepesi, maana anaupima yeye, anayetujua. Hata yeye alianguka chini ya mti wa msalaba, na Simoni wa Kirene akatolewa kati ya watu akaubeba pamoja naye. Kama Mwana wa Mungu alipokea msaada njiani, wewe uliyelemewa usione haya kusema: nimechoka, nisaidieni.

Juma hili tufanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya kumpa mtu mzigo, uinue wewe mwenyewe kwanza, ujue uzito wake. Pili, mlipe mbebaji bei mliyokubaliana, papo hapo, usimcheleweshe. Tatu, mtafute mmoja aliyenyamaza nyumbani mwako au katika shirika lenu, umwulize bila hasira: ni kitu gani kimekulemea?

Tuombe. Bwana Yezu, wewe unayejua kilo za kila mmoja wetu, tupe macho ya kuona aliyelala njiani, na mikono ya kufungua kamba. Utusamehe mizigo tuliyowafunga wengine nasi hatukuigusa hata kwa kidole. Uwape nguvu mama wanaopanda vilima leo. Utukutanishe na adui zetu penye kazi ya kuinua. Amina.

Maswali kwa mashirika:
1. Ni nani kati yetu anabeba zaidi ya kadiri yake, na hasemi?
2. Michango yetu inapimwa namna gani kwa wajane na wagonjwa?
3. Ni kazi gani moja tunayoweza kuifanya pamoja na watu tusiopatana nao?