Dawa ya Ini Nayo Hupita Kwenye Ini

Mada kwa wachimbaji wadogo na wananchi wa Mwakitolyo, Shinyanga



Miongoni mwa dawa za asili za Kichina zinazotumiwa kwa maradhi ya ini, maarufu ni Xiao Chai Hu Tang. Huundwa kwa mimea saba: chaihu, huangqin, banxia, jinsengi, urukususu, tangawizi na tunda la jamii ya kunazi. Kwa kuwa baadhi ya mimea hiyo tunaila jikoni, wengi hudhani dawa yenyewe haina madhara. Dhana hiyo si sahihi.

Ni kweli kwamba katika majaribio ya maabara na ya wanyama, viambato vya chaihu na huangqin vimeonekana kupunguza uvimbe na makovu ya ini. Hata hivyo, haijathibitika kwamba dawa hii huondoa virusi vya homa ya ini B mwilini mwa binadamu.

Dawa nyingi zinazomezwa hupita kwenye ini ili zichakatwe. Huangqin imewahi kuhusishwa na kuumia kwa ini kwa baadhi ya watumiaji. Urukususu ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu, huufanya mwili ushike chumvi na kupoteza potasiamu. Shinikizo la damu hupanda, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Nchini Japani, mwaka 1996, serikali ilitoa tahadhari baada ya watumiaji 10 wa dawa hii kufariki kwa uvimbe wa mapafu.

Kwenu wachimbaji jambo hili lina uzito wa pekee. Vumbi la mawe huongeza hatari ya kifua kikuu, na dawa za kifua kikuu, zikiwamo isoniazidi na pirazinamidi, zenyewe huweza kuliumiza ini. Mgonjwa akichanganya na dawa ya mitishamba kwa siri, kisha macho yakageuka manjano, daktari hawezi kujua kwa urahisi ni ipi iliyomdhuru. Huenda akalazimika kusimamisha tiba ya kifua kikuu, na ugonjwa ukapata nafasi ya kuenea.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, someni lebo: viambato, mtengenezaji, namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa isiyo na maelezo hayo msiinunue. Mtoa tiba asili naye awaoneshe cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mkienda zahanati, chukueni kila dawa mnayotumia, hata ya mizizi.

Mkiona macho ya njano, mkojo wenye rangi ya chai ya strungi, au maumivu chini ya mbavu za kulia, acheni dawa ya mitishamba na muwahi kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kifua kikuu msiziache kwa uamuzi wenu wenyewe. Mwacheni daktari aamue.