Siku ya Choo na Siku Nyingine za Afya
(Maneno ya mazungumzo kwa wenyeji wa Kisegi, Homa Bay)



Katika kalenda ya mwaka mna siku nyingi zilizotengwa kwa ajili ya afya. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Afya Duniani, nayo imeadhimishwa tangu mwaka 1950. Tarehe 25 Aprili ni Siku ya Malaria, tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Kunawa Mikono, na tarehe 1 Desemba ni Siku ya UKIMWI. Miongoni mwa siku hizo imo moja ambayo watu wengi wakiisikia mara ya kwanza hucheka: tarehe 19 Novemba, Siku ya Choo Duniani.

Kicheko hicho si kibaya, na mwenye kuianzisha siku hiyo alikitaka. Mfanyi biashara wa Singapore, Bwana Jack Sim, aliona ya kuwa jambo lisilotajwa halitengenezeki. Basi tarehe 19 Novemba 2001 alianzisha chama cha kutetea vyoo bora, akatumia mzaha ili watu waache kuona haya. Mwaka 2013 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliikubali siku hiyo kuwa siku rasmi ya dunia yote.

Kwa watu wakaao kando ya ziwa, kama wenyeji wa Kisegi, jambo lenyewe ni zito kuliko mzaha wake. Ziwa Victoria ndilo shamba la mvuvi, ndilo kisima cha akina mama, na ndipo watoto waogeleapo. Mtu mwenye kichocho cha tumbo akienda haja vichakani karibu na maji, mvua huyachukua mayai ya ugonjwa huo hadi ziwani. Huko vijidudu hutoka mayaini, huingia katika konokono wadogo wakaao penye majani ya ufuoni, na baada ya majuma machache hutoka tena kwa maelfu. Ndipo huipenya ngozi ya mtu ye yote aliyemo majini: mvuvi asukumaye mtumbwi, mwanamke afuaye nguo, mtoto achezaye. Si lazima kuyanywa maji hayo, kuyakanyaga kwatosha. Dawa ipo, nayo huponya. Lakini aliyepona akirudi katika maji yale yale aweza kuambukizwa tena. Kipindupindu nacho hutoka mahali pale pale, ila chenyewe huingia kwa njia ya kinywa.

Kwa sababu hiyo choo si fahari ya mwenye nyumba peke yake. Nyumba kumi zikiwa na vyoo, na ya kumi na moja isiwe nacho, maji ya zote yamo hatarini.

Pengine choo kimo bomani, lakini si wote wakitumiao. Katika baadhi ya jamaa za kando ya ziwa, si adabu baba mkwe na mke wa mwanawe kuingia choo kimoja. Basi mmoja wao huenda kichakani. Mila ya heshima haiondolewi kwa kebehi. Lililo jepesi ni kuchimba choo cha pili, na heshima na afya zikakaa pamoja.

Je, siku hiyo yaadhimishwaje? Mara nyingi huwekwa hema na vipaza sauti, fulana zikagawanywa, hotuba zikasomwa, na jioni kila mtu akaenda zake. Yafaa kazi ianze mwezi mmoja kabla, katika baraza ya chifu, kwa kuhesabu maboma yasiyo na choo. Vijana wenye nguvu waweza kumchimbia mjane au mzee asiyeweza. Penye mchanga, shimo hujengewa mawe lisiporomoke, nalo huwekwa mbali na maji. Wavuvi nao wakumbuke ufuo wao, maana mtu angojaye mashua usiku kucha huhitaji choo kama aliye nyumbani. Kisha siku yenyewe ije na furaha yake: mpira baina ya wavuvi na walimu, nyimbo za watoto wa shule, na zawadi ya jembe na sabuni kwa boma lenye choo safi kuliko vyote.

Siku nyingine nazo zina kazi zake. Tarehe 15 Oktoba, mkebe uliotobolewa, ukajazwa maji na kutundikwa karibu na choo pamoja na kipande cha sabuni, wafaa kuliko hotuba ndefu. Tarehe 25 Aprili, wakati wa mvua za masika, kila chandarua kitazamwe na matundu yake yashonwe. Nacho ni cha kitanda, si cha kuanikia omena wala kuzungushia mboga. Siku hiyo pia wazazi wakague vyeti vya chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria tarehe 13 Septemba 2019, na uzinduzi wake ulifanywa Ndhiwa, katika Kaunti hii hii ya Homa Bay. Mtoto aliyepata dozi ya kwanza, kisha asirudishwe kwa zile zinazofuata, amekatiwa kinga yake njiani. Hata aliyezimaliza zote bado alazwe chini ya chandarua.

Siku ya ukumbusho ni kama jogoo: huwika kuwaamsha watu, lakini halimi. Kulima ni kwa mwenye jembe. Aliyechimba choo kwa ajili ya tarehe 19 Novemba ameiadhimisha siku hiyo. Aliyevaa fulana tu, amevaa fulana.