Si Kila Chuma Hufaa Majini

(Mazungumzo yetu na wazazi na vijana wa Kibokoni, Mombasa)

 

Tumekuja kujibu swali la vijana. Wamesikia kwamba umeme, maji na hewa hutoa dawa ya kuua vijidudu. Sasa wanauliza: mfereji ukikauka, tutie misumari na betri ya gari kwenye ndoo ya maji ya kisima, si yatasafika?

Mlilosikia ni kweli. Dawa hiyo ni haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu kidondani. Mfaransa Thénard aliigundua mwaka 1818. Lakini kazi yote iko kwenye elektrodi, yaani vipande viwili vinavyopeleka umeme majini.

Kwenye waya hasi, oksijeni hupokea elektroni, chembe ndogo za umeme. Kipande kikiwa cha platinamu, kwa kawaida hupokea nne na kugeuka maji tu. Kikiwa cha kaboni iliyotayarishwa vyema, hupokea mbili, ndipo dawa ipatikane. Kaboni, jamaa ya makaa, hapo inaishinda platinamu ya bei ghali!

Hatari iko kwenye waya chanya. Msumari huliwa, maji yakajaa kutu. Kijiko cha stenlesi chaweza kutoa kromiamu yenye sumu. Tena visima vya hapa kisiwani vina chumvi. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi hutoa klorini, gesi inayochoma kifua. Klorini hiyo na peroksaidi zikikutana, huharibiana. Ndiyo maana wataalamu hutenga pande hizo mbili kwa utando maalumu.

Basi, vijana wetu, msijaribu nyumbani. Anayetaka kujifunza na ajifunze kwenye maabara ya shule, mwalimu akiwapo. Hamu hiyo msiizime.

Nanyi akina mama, maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja, kisha yafunikeni. Au tieni dawa ya klorini ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Peroksaidi ya duka la dawa isinywewe kamwe. Na shimo la choo likivuja karibu na kisima, lizibwe kwanza.

Ugonjwa wa kuhara hauulizi nani Mwislamu, nani Mkristo. Sote twateka kisima kimoja. Mungu awabariki.