Winchi ya Bandari Nayo Ni Historia



Msikilizaji wa Shangani ametuandikia. Anasema tangu bandari ya Mtwara ipate gati jipya la mita 300, watu wanatazama mitambo mipya tu. Ile ya zamani ikichakaa iuzwe kwa kilo, au tubakize hata winchi moja iwe kumbukumbu? Swali tamu hilo!

Gati la zamani lilizaliwa na mradi wa karanga; hadithi yake mnaijua, sitawachosha nayo. Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, wakaja na ndoto ya ekari milioni tatu na ushee. Matrekta hayatoshi, wakachukua vifaru vya Sherman wakavigeuza, wakaviita Shervick. Kifaru kilime karanga! Lakini linaloninyima usingizi ni hili: mradi ulifutwa Januari 1951, gati la maji marefu la Mtwara likakamilika 1954. Narudia: mradi 1951, gati 1954. Bwana harusi kashakimbia, sisi ndiyo kwanza tunafunga maturubai.

Subirini, kuna simu kutoka Nachingwea. Shikamoo mzee... Anauliza, mbona nasifia bandari, reli yao je? Haya, mzee kagusa penyewe. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilizaliwa na mradi uleule. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari ikapona. Kwa nini? Korosho, mzee wangu! Gati lililokosa karanga likapata korosho. Chuma chenye kazi hakiguswi. Tazameni meli ya Liemba kule Kigoma: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria. Ingekuwa haina abiria, nani angeihangaikia?

Basi tatizo la winchi iliyostaafu ndilo hilo: haina kazi, na sheria nayo haiitambui. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kitu cha miaka ya 1950 kinangoja Waziri akitangaze. Mtaniambia winchi bado mtoto. Sawa, lakini Boma la Mikindani ni la 1895, nalo halifiki huko, na bado limekarabatiwa vizuri, watu wanalala humo kama hoteli. Kwa hiyo umri si kikwazo. Boma lilikuwa la mtawala. Winchi ilikuwa ya makuli.

Hapo ndipo napaza sauti. Septemba 1947, karanga ndiyo kwanza zinaanza, makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa mpaka bara. Nyumba za magavana tunazionyesha wageni. Zana za makuli tunazipima kwa mizani ya vyuma chakavu.

Najua watu wa bandari watajibu: nafasi ni finyu, na upepo wa chumvi unakula chuma, rangi kila mara ni gharama. Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi zibaki zote. Moja tu, nje ya uzio, mtoto wa shule aifikie bila kibali cha getini, na pembeni yake majina ya walioiendesha. Na kabla chochote hakijauzwa, kipigwe picha, namba zake zinakiliwe, wazee warekodiwe. Hilo halihitaji saini ya Waziri.

Simu ziko wazi. Aliyewahi kukaa juu kule akishusha mzigo aanze yeye. Wenye mizani watasubiri foleni.